Mayai yalitoka 12, asubuhi tukaambiwa 6: usiku ule maabara kunatokea nini?

Kisahani

Salaam wakuu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini si "IVF (kurutubisha yai nje ya mwili) inafanyikaje". Ni hili: "Jana mlitoa mayai 12, leo mnasema yamerutubika 6. Mengine yamekwenda wapi?" Na huulizwa kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake.

Nafanya kazi maabara ya viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa yanayoanza kukua. Habari za sindano za homoni, vipimo na gharama daktari wako atakueleza, mimi naziruka. Nataka tuzungumzie muda usiofika hata siku nzima, tangu yai linapotoka mwilini hadi asubuhi tunapochungulia kuona kama limerutubika. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu hupewa namba tupu bila maelezo, na namba tupu huzaa shaka.

Tuanze. Saa 34 hadi 36 kabla ya mayai kutolewa, mwanamke huchomwa sindano ya kuivisha. Ndiyo maana mnasisitiziwa saa yake mpaka mnachoka. Ikichelewa, mayai yanakutwa machanga. Ikiwahi kupita kiasi, mayai yanaweza kuachia na kutoka kwenye ovari kabla daktari hajayafikia. Siku yenyewe daktari huongozwa na picha ya ultrasaundi, anatoboa kifuko kimoja kimoja na kunyonya maji yake, na maji hayo hupitishwa kwetu yakiwa bado na joto la mwili. Tunayamimina kwenye kisahani na kutafuta kwa hadubini. Yai lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ila halitoki peke yake. Limezingirwa na wingu la seli zenye utelezi, na wingu hilo ndilo jicho huliona kwanza. Si kila kifuko kilichohesabiwa kwenye ultrasaundi hutoa yai. Kwa hiyo namba ya kwanza imeshashuka, na maabara haijagusa kitu.

Baada ya hapo kuna suala la kuiva. Yai lililoiva ni lile lililokwisha kutoa nusu ya kromosomu zake (nyuzi zinazobeba urithi) na kuziweka ndani ya kichembe kidogo kinachokaa pembeni, chini ya ganda. Lisipofanya hivyo, hata mbegu ikiingia hesabu ya kromosomu haitakaa sawa. Kwa kawaida robo tatu ya mayai yaliyotolewa, au zaidi kidogo, huwa yameiva. Kwenye 12 ukipata 9 yaliyoiva, hayo ni matokeo ya kawaida kabisa.

Upande wa baba: shahawa huachwa zilainike, robo saa hadi saa nzima, kisha mbegu hutenganishwa na maji yake. Watu hudhani tunazisafisha tu ili kuondoa uchafu. Hapana. Yale maji yana vitu vinavyoizuia mbegu isikamilishe maandalizi yake ya mwisho, na mbegu isiyoyakamilisha hairutubishi yai hata ukiiweka mlangoni. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili, M. C. Chang akiwa Marekani na C. R. Austin akiwa Australia, kila mmoja kivyake. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wanakutanisha yai na mbegu kwenye kisahani na kushangaa mbona hakuna kinachotokea. Mwaka 1959 Chang akapata watoto wa sungura kutokana na mayai yaliyorutubishwa nje ya mwili, na hapo mlango ukafunguka.

Njia ya kutenganisha ni mbili kubwa. Ama tunazipitisha mbegu kwenye tabaka za majimaji mazito kwa mashine inayozungusha kwa kasi, zilizo nzima zikatua chini, au tunaziwekea majimaji safi kwa juu na kuziacha zipande zenyewe. Zinazopanda ndizo zinazojua kuogelea.

Sasa kukutana. Kwenye IVF ya kawaida tunaweka mbegu zinazoogelea 50,000 hadi 100,000 kwa kila yai, tunafunga inkubeta (kabati linalotunza joto na hewa), tunakwenda nyumbani. Usiniulize kama nimefanya kitu usiku huo, sijafanya. Mbegu zinapenya lile wingu, zinashika ganda la yai, zinafungua kimfuko cha vimeng'enya kilicho kichwani, zinalipita ganda. Ya kwanza kugusa utando wa ndani inaungana nao. Hapo yai linaamka: kalsiamu hupanda na kushuka ndani yake kwa mawimbi yanayoendelea kwa saa kadhaa, na vijifuko vidogo vilivyojipanga chini ya utando humwaga vilivyomo, ganda likabadilika lisipokee mbegu nyingine. Yai linafanya kazi hiyo lenyewe. Mwanamaabara hawezi kulisaidia wala kuliharakisha.

Njia ya pili ni ICSI, mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano. Iliripotiwa mwaka 1992 na Gianpiero Palermo na wenzake kutoka Brussels, Ubelgiji, na ndiyo iliyowapa nafasi wanaume wenye mbegu chache mno.

Hii nitaieleza polepole maana ndiyo inayoogopesha. Kwanza tunavua lile wingu. Yai huchovywa kwa sekunde chache kwenye kimeng'enya kinacholegeza seli zile, halafu linapitishwa kwenye mrija mwembamba mara kadhaa mpaka libaki tupu. Sasa tunaliona vizuri, kichembe kipo au hakipo. Lisilo na kichembe halichomwi. Mbegu nazo zinawekwa kwenye tone la majimaji mazito ili zipunguze mbio. Tunachagua inayotembea na yenye umbo zuri, tunaibana mkia kwa ncha ya sindano mpaka inasimama. Watu hushtuka wakisikia hivyo, lakini ni lazima: utando wake ukichanika pale, protini iliyo ndani ya mbegu, inayoamsha yai, inapata njia ya kutoka. Kisha mrija mmoja unalishika yai kwa kulivuta kidogo, kichembe kikiwa juu kabisa au chini kabisa, ili sindano iingie ubavuni mbali na kromosomu. Sindano yenyewe ina upana wa maikromita chache tu. Utando wa yai unavutika kuliko unavyodhani, sindano inaweza kukaribia upande wa pili na utando bado umeifunika tu haujachanika. Unanyonya kidogo sana, utando unaachia, mbegu inabaki ndani, sindano inatoka. Mayai machache hayahimili kuchomwa na hufa. Hilo lipo, na maabara nzuri hukuambia.

Asubuhi, saa 16 hadi 18 tangu yalipokutana, tunachungulia. Tunatafuta vitu viwili: viini viwili vya mviringo katikati ya yai, kimoja cha mama na kimoja cha baba, na vichembe viwili pembeni, kwa sababu yai likiamka hutoa kichembe cha pili. Saa hiyo haina mjadala. Ukichelewa sana viini vinayeyuka, kromosomu zinajipanga kwa mgawanyiko wa kwanza, na hutajua tena kama vilikuwa viwili au vitatu.

Kwa ICSI, mayai yaliyoiva yanayorutubika vizuri ni kama 70 hadi 80 kwa mia. Kwa IVF ya kawaida ni 60 hadi 70 kwa mia. Rudi sasa kwenye yale 12. Yaliyoiva 9, ukichukua 70 kwa mia yake unapata 6 na ushei. Hakuna aliyeiba.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikipata nafasi.

bahari_tulivu

Ngoja nipige kambi hapa.

Subira Nyingi

Asante sana mtaalamu. Sisi yalirutubika matano tukafurahi, tukajua tuna watoto watano mkononi. Siku ya tano wakasema vimebaki viwili. Nililia kuliko siku ya kwanza. Kama yalirutubika vizuri, kwa nini yakaishia njiani?

Kisahani

Dada Subira, pole. Hilo ndilo anguko la pili la namba na huwa linauma zaidi kwa sababu mtu ameshaanza kuhesabu.

Yai likirutubika leo, siku ya pili tunatarajia seli nne hivi, siku ya tatu nane, siku ya nne seli zinakumbatiana hazihesabiki tena, siku ya tano kunakuwa na uwazi wa maji katikati na makundi mawili ya seli: kundi dogo la ndani litakalokuwa mtoto, na ukuta wa nje utakaokuwa kondo la nyuma. Hiyo ndiyo blastosisti.

Siku mbili za mwanzo kiinitete hakijitegemei. Kinaishi kwa akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai: protini, maagizo, na mitokondria zake (mitambo midogo ya nishati). Jeni zake mwenyewe zinaanza kufanya kazi kwa nguvu kati ya seli nne na nane. Hapo ndipo vingi vinasimama. Kama kromosomu hazikugawanyika sawasawa, au akiba ilikuwa pungufu, hilo halionekani siku ya kwanza. Viini viwili vinaweza kuonekana vizuri kabisa na ndani hesabu ina kasoro. Kati ya mayai yaliyorutubika, yanayofika blastosisti ni kama nusu, mara nyingi pungufu ya hapo. Viwili kati ya vitano si matokeo mabaya, ingawa najua ukiwa kitandani unasubiri simu, maneno hayo hayana uzito.

Umri wa mama unaingia sana hapa. Kadiri miaka inavyopanda, mayai yenye kasoro za kromosomu yanaongezeka, na hakuna majimaji ya inkubeta yanayoweza kurekebisha hilo.

Mzee wa Hoja

Maelezo mazuri, lakini mimi nina swali ambalo wengi wanaliogopa. Mnapokaa huko ndani milango imefungwa, mimi nitajuaje mbegu mliyotumia ni yangu? Kikombe kinaandikwa kwa kalamu tu. Mtu akichoka je?

Kisahani

Mzee wangu, swali la haki hilo, na ukienda kliniki ikakasirika kuulizwa, hiyo yenyewe ni taarifa.

Utaratibu wa maabara makini uko hivi. Mezani hukaa vifaa vya wenza mmoja tu kwa wakati mmoja, vya mwingine haviingii mpaka hivyo vimeondoka na meza imefutwa. Kikombe, mirija, visahani, vyote vina majina na namba kabla ya kitu kuwekwa ndani. Kila kinapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mtu wa pili husimama pale, anasoma kwa sauti, anatia saini na saa. Sehemu nyingine wamefunga mfumo wa kielektroniki: kila kisahani kina kibandiko chenye alama, na ukileta viwili visivyohusiana kwenye meza moja mashine inapiga kelele na kukataa kuendelea.

Makosa yamewahi kutokea duniani, sitakudanganya. Ndiyo maana utaratibu upo. Cha kuuliza ni hiki: "Anayeshuhudia ni nani, na naweza kuona ukurasa wa saini zetu?"

Mzee wa Hoja

Umejibu. Nitauliza hivyo hivyo.

fundi_mchundo

Mimi sielewi kitu kimoja. Umesema ICSI inarutubisha 70 hadi 80 na ile nyingine 60 hadi 70. Sasa kwa nini msichome mayai yote sindano, biashara iishe? Tuliambiwa ICSI ndiyo ya kisasa.

Kisahani

Mkuu, angalia vizuri namba zimechukuliwa wapi. Ile ya ICSI ni kati ya mayai *yaliyoiva*, kwa sababu machanga tuliyaacha pembeni kabla ya kuchoma. Ya IVF ya kawaida mara nyingi inahesabiwa kwa mayai yote yaliyowekwa, machanga yakiwemo, maana wingu liko palepale hatujui yapi yameiva mpaka kesho. Ukilinganisha mayai yote yaliyotolewa, pengo linapungua sana.

Halafu kurutubisha si kuzaa. Vietnam walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wenza 1,064 ambao mume alikuwa na mbegu za kutosha zinazotembea vizuri. Nusu wakapewa ICSI, nusu IVF ya kawaida, kwa kura. Waliopata mtoto hai hawakutofautiana kiasi cha kusema njia moja imeshinda. Kwa hiyo mbegu zikiwa nzuri, sindano inaongeza kazi na bili, haiongezi mtoto.

Maoni yangu mimi kama mtu wa sindano: ICSI ni chombo kizuri kinachotumika kupita kiasi. Mbegu chache, mbegu zisizotembea, mbegu zilizotolewa moja kwa moja kwenye korodani, au mzunguko uliopita ambapo hakuna yai lililorutubika, hizo ni sababu. "Ni ya kisasa" si sababu. Ukiambiwa mtafanyiwa ICSI, uliza kwa nini ninyi.

Binti Sayari

Hapo kwenye "hakuna yai lililorutubika" nimeshtuka. Inawezekana kabisa yote yakakataa? Yaani sifuri?

Kisahani

Inawezekana. Kwenye IVF ya kawaida inatokea kwa wenza 5 hadi 10 hivi katika 100, kwenye ICSI 1 hadi 3 hivi. Ni simu ngumu kuipiga kuliko zote, na huwa nakaa nayo mkononi kwanza.

Sababu zinatofautiana. Kwenye IVF ya kawaida mara nyingi mbegu hazikuweza kushika ganda au kulipita, na hapo mzunguko unaofuata tunahamia ICSI na mara nyingi tatizo linaisha. Kuna wanaojaribu kuchoma sindano asubuhi hiyohiyo tunapochungulia ili kuokoa hali, ila yai linakuwa limeshazeeka kwa saa nyingi na matokeo yake ni hafifu.

Kwenye ICSI tatizo ni jingine, maana mbegu tumeiingiza kwa mkono wetu. Mara nyingi yai halikuamka. Ile protini niliyoitaja, inayobebwa na mbegu na kuanzisha mawimbi ya kalsiamu, inaitwa PLC zeta. Wapo wanaume ambao mbegu zao zina vichwa vya mviringo visivyo na kile kimfuko cha vimeng'enya, na hao aghalabu protini hiyo wanayo kidogo au hawana. Kwa wenza kama hao kuna maabara zinazoliogesha yai kwa muda mfupi kwenye dawa inayoingiza kalsiamu ndani, likaamshwa kwa nje. Ni tiba ya sababu maalumu, si kiungo cha kuongezea kila mtu.

Na mara nyingine kasoro iko kwenye yai lenyewe, mbegu haina kosa. Naomba hilo lisomwe na wale wanaokimbilia kumnyooshea mtu kidole kabla ya uchunguzi.

kimya_kingi

Nauliza kwa niaba ya ndugu yangu (kweli ni ndugu yangu, msicheke). Kipimo chake kimesema hakuna mbegu hata moja kwenye shahawa. Ameambiwa bado anaweza. Inawezekanaje mtu asiye na mbegu akarutubisha?

Kisahani

Hatucheki, mkuu.

Kutokuwa na mbegu kwenye shahawa si lazima kuwe kutokuwa na mbegu mwilini. Kuna wanaotengeneza vizuri ila njia imeziba, au hawakuzaliwa nayo, au ilifungwa kwa upasuaji. Na kuna ambao korodani zinatengeneza kidogo mno kiasi kwamba hakuna inayofika nje. Kwa wa kwanza mbegu hunyonywa kwa sindano bila shida kubwa. Kwa wa pili daktari wa upasuaji hufungua korodani na kutafuta kwa hadubini vijimrija vinavyoonekana vimejaa, anachukua vipande vidogo na kutupa sisi. Tunavichambua. Inaweza kuchukua saa nyingi, na si kila anayefanyiwa hupatikana mbegu.

Mbegu za namna hiyo hazijajifunza kuogelea vizuri, ukizimimina kwenye kisahani hazitafika popote. Kwa hiyo hapo ni ICSI, hakuna mjadala. Kinachotakiwa ni mbegu hai moja kwa kila yai.

Jambo moja la kumwambia ndugu yako: aombe kipimo cha jeni kabla, pamoja na kipimo cha kromosomu ya Y, ile ya kiume. Baadhi ya sababu za kukosa mbegu zinarithiwa, na mtoto wa kiume atakayepatikana anaweza kukutana na hali hiyohiyo ukubwani. Ni vizuri wajue kabla ya kuanza.

Nyota Saba

Mimi siku ya kutoa mayai nilifukuzwa mlangoni kwa sababu ya manukato!! Nilikuwa nimejipamba nikasema leo nakwenda kukutana na mtoto wangu. Nesi akaniambia nikanawe. Mpaka leo sijaelewa ilikuwa kiburi au nini.

Kisahani

Haikuwa kiburi dada, na usikasirike na nesi.

Yai ndani ya mwili linaishi gizani, kwenye joto lisilobadilika, na hewa inayolifikia imechujwa na damu. Kwetu tunajaribu kuiga hali hiyo. Inkubeta ina nyuzijoto 37. Kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 5 hadi 7, ili majimaji yasiwe makali wala mepesi. Oksijeni tunaishusha hadi asilimia 5 hivi, wakati hewa hii tunayovuta ina karibu 21, kwa sababu ndani ya mirija ya uzazi oksijeni ni kidogo na ikizidi inachoma kiinitete. Matone tunayafunika kwa mafuta maalumu yasikauke. Mvuke wa manukato, rangi mpya ya ukuta, dawa ya kufutia sakafu, vyote hivyo huyeyuka na kuingia kwenye majimaji. Wafanyakazi wa maabara hatupaki kitu cha kunukia kazini. Ukinikuta nje utadhani sina hata uturi nyumbani.

Joto ndilo adui wa haraka zaidi. Kromosomu za yai lililoiva zimeshikiliwa na vijiuzi ambavyo havivumilii baridi. Yai likipoa kidogo vinaanza kubomoka, na vikijijenga upya si lazima kila kromosomu irudi mahali pake. Ndiyo maana meza zetu zina joto na ndiyo maana ukiniita wakati nimeshika kisahani sigeuki.

Mwalimu Mstaafu

Niongezee kidogo historia kwa vijana. Mtoto wa kwanza wa njia hii ni Louise Brown, alizaliwa 25 Julai 1978 huko Oldham, Uingereza. Mama yake mirija yake ilikuwa imeziba. Wengi hawajui kwamba hakupewa homoni za kuzalisha mayai mengi: lilikuwa yai moja la mzunguko wake wa asili, likarutubishwa, likakua mpaka seli nane likarudishwa. Robert Edwards alipewa Nobeli mwaka 2010, daktari Patrick Steptoe alikuwa ameshafariki. Na Jean Purdy, aliyekuwa akivilea viinitete vyenyewe maabarani, alikufa kijana mwaka 1985 na jina lake likasahauliwa kwa miaka mingi.

Kisahani

Asante mwalimu. Purdy tunamhesabu kuwa wa kwanza katika kazi yetu hii. Na yai moja lililofanikiwa mwaka ule lisimpe mtu moyo wa kukataa homoni. Kabla ya hilo walishajaribu wanawake wengi.

fundi_mchundo

Swali la mwisho langu. Mtu akitaka mtoto wa kike, si mnachagua tu mbegu ya kike mnachoma?

Kisahani

Kwa kutazama hadubinini haiwezekani, mbegu yenye X (ya kike) na yenye Y (ya kiume) zinafanana machoni. Jinsia hujulikana kiinitete kikishafika siku ya tano au sita, zikichukuliwa seli chache za ukuta wa nje na kupimwa kromosomu. Nchi nyingi zinazuia kufanya hivyo kwa kupenda tu, zinaruhusu pale ambapo kuna ugonjwa unaopita kwa jinsia moja.

Binti Sayari

Na viini vitatu je? Ripoti yetu iliandika "3PN: moja" na nikaambiwa halitumiki. Niliwaza labda lilikuwa mapacha.

Kisahani

Hapana, si mapacha. Viini vitatu ni seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Kwenye IVF ya kawaida mara nyingi mbegu mbili ziliingia kabla ganda halijafunga. Kwenye ICSI mbegu ni moja kwa hakika, kwa hiyo huwa yai lilishindwa kutoa kile kichembe cha pili na kubaki na seti yake ya ziada. Linaweza kugawanyika vizuri kabisa siku za mwanzo, hata likawadanganya wasiolichungulia asubuhi, lakini mimba yake kwa kawaida huharibika. Ndiyo maana tunalitenga mapema, kabla halijafanana na mengine.

Kiini kimoja ni habari tofauti. Mara nyingine ni yai lililoamka bila mbegu, mara nyingine viini viwili vimeungana au kimoja kimewahi kuyeyuka. Hilo maabara nyingi hulifuatilia mpaka siku ya tano kabla ya kuamua.

Nyota Saba

Mimi nina mayai niligandisha nikiwa na miaka 31, sasa nimeolewa. Mume wangu mbegu zake ni nzuri tu, tumepima. Kwa hayo uliyosema tunaweza kuepuka ICSI?

Kisahani

Kwenu ni ICSI, ila kwa sababu ya mayai. Kabla ya kugandisha huwa tunavua lile wingu la seli ili tujue yapi yameiva, ndipo yanagandishwa kwa haraka sana na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Yakiyeyushwa hayana wingu tena, na inahofiwa pia kwamba ganda lake linakuwa gumu kwa mbegu kupenya kwa nguvu zake. Kwa hiyo tunachoma, saa mbili au tatu hivi baada ya kuyeyusha, ili vile vijiuzi vya ndani vipate muda wa kujijenga kwanza.

Kabla ya siku yenyewe waulize yaligandishwa mangapi yaliyoiva, siyo mangapi yalitolewa. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia, na tarajia baadhi yasivuke kuyeyushwa.